Gari Linatetemeka Likiwa Silensa: Je, Nibadilishe Plagi Mwenyewe?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1.3. Hii ni wiki ya pili gari likiwa silensa (injini inawaka, sijakanyaga mafuta) linatetemeka, hasa asubuhi, na nikipanda mlima na AC imewashwa linakosa nguvu kabisa. Lilianza siku chache baada ya kuliosha lote mpaka injini tulipotoka safari ya kijijini. Mafuta nayo linakula kuliko zamani. Fundi wa mtaani alitoa plagi, akaigusisha kwenye bodi ikapiga cheche, akasema ni nzima. Akazipiga zote msasa akazirudisha. Gari likatulia siku mbili, likarudia. Fundi wa pili anasema ninunue plagi za iridiamu, eti zinaongeza nguvu na hazibadilishwi tena maisha. Nimechungulia, naona si kazi kubwa. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani? Ninunue zipi? Naogopa nisije nikaharibu injini, maana gari hili ndilo linalonipeleka kazini na watoto shuleni."

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usumbufu. Umeuliza kama unaweza kubadilisha plagi mwenyewe, na jibu ni ndiyo. Kwa IST ni kazi ya saa moja. Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, jipe saa mbili na usiwe na haraka. Ila kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, na mimi ndilo lililonisimamisha: shida ilianza siku chache baada ya kuosha injini. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Kwanza tufungue, tutazame. Huenda plagi zako zimechoka kweli. Huenda pia hazina kosa lolote, na kinachokusumbua ni maji yaliyoingia mahali pasipotakiwa.

Ili ujue unachokitazama ukishafungua, acha nikueleze plagi inavyofanya kazi. Betri yako inatoa volti 12. Umeme huo hauwezi kuruka hata nafasi ndogo kama unene wa unywele. Ndiyo maana juu ya kila plagi ya IST kuna koili yake, zote nne, ambayo kazi yake ni kuzikuza volti 12 zifike makumi ya maelfu. Umeme huo mkali unashuka katikati ya plagi, umefungiwa ndani ya kauri nyeupe usitoroke, mpaka kwenye ncha ya chini. Pale unakuta pengo la milimita 1.1. Unaliruka, na kule kuruka ndiyo cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli.

Sasa fikiria idadi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 25 kwa sekunde. Kila cheche inaondoka na chembe ya chuma isiyoonekana. Baada ya kilomita elfu ishirini, plagi moja imeshapiga cheche mamilioni kwa mamilioni: zile kona kali za ncha zimekuwa butu na pengo limepanuka. Cheche hupenda kuruka kutoka kwenye kona kali, na hupenda pengo dogo. Ukiipa ncha butu na pengo pana, koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi. Zikizidi, umeme unatafuta njia nyepesi: unapenya mpira wa koili uliochoka, au unatambaa juu ya kauri kwa nje mpaka kwenye chuma, ukapotelea huko. Maji au tope vikiwa ndani ya shimo la plagi, njia hiyo nyepesi umeshaichonga wewe mwenyewe.

Silinda ikikosa moto ndipo tunasema gari linamisi. Una silinda nne. Moja ikilala, tatu zinavuta mzigo wa nne, na kwenye silensa, injini ikiwa inazunguka polepole, unausikia upungufu huo mpaka kwenye usukani. Mlimani na AC unausikia tena kwa sababu nyingine. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo cheche inavyopata shida kuruka. Petroli ya silinda iliyolala nayo haiungui, inatoka ghafi kwenye ekzosi. Hapo ndipo mafuta yako yanapopotelea, na hapo ndipo masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi) yanapopata moto kupita kiasi hadi kuyeyuka, yakiachwa hivyo muda mrefu.

Sasa utaona kwa nini jaribio la fundi wako wa kwanza halithibitishi chochote. Kugusisha plagi kwenye bodi ikapiga cheche hadharani ni kuipa kazi nyepesi, maana hewa ya nje haijabanwa. Nimeona plagi nyingi zinazong'aa vizuri nje na kushindwa kabisa zikirudi ndani ya silinda. Kuna hatari pia. Mvuke wa petroli unatoka kwenye lile shimo lililo wazi na cheche iko karibu yake. Na koili ikikosa njia nzuri ya kumwaga umeme inaweza kufa hapo hapo, au kumpiga anayeishika. Wewe usilifanye nyumbani.

Kuhusu msasa, hiyo desturi imetoka enzi za magari ya platini (swichi ya zamani ya kukatia umeme wa koili), plagi zilipokuwa za chuma kinene na watu walizisafisha kila baada ya muda mfupi. Kwa plagi za leo ni hasara tupu. Chembe za msasa na vumbi la chuma vinabaki juu ya kauri ya ndani na kufanya njia ya umeme kuvujia. Ncha nayo hairudi kuwa kali, inazidi kuwa duara. Na kama plagi ilikuwa na ncha nyembamba ya iridiamu au platinamu, msasa umeshaila. Mafundi wengine wakishapiga msasa huweka pengo kwa kupitisha kipande cha msumeno wa chuma. Unene wake ni kama milimita 0.6, wakati injini yako inataka 1.1.

Mbona lilitulia siku mbili, utaniuliza. Nadhani kilichosaidia si msasa. Kuzitoa koili kulipitisha hewa kwenye mashimo, injini ikapata moto, unyevu ukakauka kwa muda. Ndiyo maana nasema tuanze na macho.

Fanya hivi Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Injini iwe baridi kabisa, hili silegezi. Hedi ya injini yako, yaani kichwa kinachofunika silinda, ni alumini, na ganda la plagi ni feleji. Vikiwa na moto, nyuzi za alumini zinaumia kirahisi, na ukilazimisha unang'oa nyuzi za hedi pamoja na plagi. Zima, toa ufunguo. Betri huna haja ya kuifungua. Baadhi ya redio za magari yaliyotoka Japani hujifunga betri ikitolewa na kukudai namba ya siri, ukaanza kuhangaika na jambo jingine.

Vifaa ni vichache. Spana au soketi namba 10 kwa boliti za koili. Soketi ya plagi namba 16, ile ndefu yenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi. Soketi ya kawaida isikudanganye, plagi itakuponyoka shimoni. Ekstensheni ya kama sentimita 15 hadi 20 na racheti. Tochi. Kitambaa safi. Kipande cha mpira, kama wa kupitishia mafuta, urefu wa sentimita 25, kinachobana juu ya kauri ya plagi. Na pampu ya baiskeli, nitakwambia kwa nini.

Toa kifuniko cha plastiki cha juu ya injini. Utaona koili nne mstari mmoja, kila moja na soketi yake ya waya na boliti moja. Zipe namba kwa kalamu, 1 hadi 4, kuanzia upande wa mkanda. Kufungua soketi ya waya, bonyeza klipu kwanza ndipo uvute, na ushike plastiki yenyewe, usivute waya. Klipu hizi zimekaa kwenye joto miaka ishirini, zinavunjika kama biskuti. Bonyeza kwa kidole gumba taratibu. Toa boliti namba 10, weka kwenye kisahani (zikidondoka ndani ya injini utazitafuta mpaka jioni). Kisha izungushe koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, ndipo uivute juu.

Sasa simama. Usiguse plagi. Washa tochi, uangalie ndani ya shimo.

Ukiona maji, au alama nyeupe ya chumvi iliyokauka, au kutu juu ya plagi, hapo tumemkuta mwizi. Futa mpira wa koili kwa kitambaa, kausha shimo. Ukiona oili imejaa, ni sili za mashimo ya plagi kwenye kava ya juu zimekufa. Plagi mpya hazitatibu hilo, na oili ile inalainisha mpira wa koili mpaka unapasuka. Ukiona vumbi na mchanga, na kwa barabara ulizopita sitashangaa, usithubutu kufungua plagi kabla ya kuliondoa. Punje zikiingia ndani ya silinda zinakwangua kuta zake. Hapo ndipo pampu ya baiskeli inapofanya kazi: ingiza mpira wake shimoni upulize kwa nguvu mara kadhaa, ukiwa umevaa miwani au umegeuza uso. Ikibidi, mwite kijana wa pancha mwenye kompresa ndogo. Rudia kwa mashimo yote manne.

Ndipo uingize soketi ya plagi, ulegeze kinyume cha saa. Italia "kak" mara moja halafu itaendelea kwa ulaini. Ikiwa nzito kuanzia mwanzo hadi mwisho, irudishe ndani kidogo, toa tena kidogo, kama unayefungua mfuniko wa asali ulioganda. Ikigoma, acha. Iache kabisa, nitakueleza mbele.

Ukizitoa, zipange juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio wa namba zake. Watu wengi huzitupa pale pale, na hapo wanapoteza maelezo bora kabisa ya injini yao. Nimeshakaa na plagi nne mezani nikajua gari lina shida gani kabla mwenyewe hajamaliza kunisimulia. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu, kavu, ni nzuri. Mwako ulikuwa sawa. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa: anza na kichujio cha hewa, na kwa aliyetoka safari ya vumbi ni rahisi kikawa kimeziba. Plagi moja iliyolowa petroli na nyingine tatu kavu, hiyo ndiyo silinda isiyowaka. Nyeusi inayoteleza kwa oili ni oili inayopanda kutoka kwenye ringi au kushuka kwenye sili za valvu. Nyeupe kupindukia yenye vipele vya kuyeyuka ni joto kali, na hiyo usiendeshe mpaka fundi aone.

Angalia pia kauri ya nje, ile ya juu. Pete ya rangi ya kahawia pale kauri inapoingia kwenye chuma haina madhara, ingawa wengi watakwambia mgandamizo unavuja. Ni vumbi na mvuke wa oili unaonaswa na umeme mkali. Lakini mstari mweusi mwembamba unaoshuka kwa wima juu ya kauri, kama mtu amechora na penseli, huo ni umeme uliokuwa ukitambaa kwa nje. Ukiuona, tazama na mpira wa koili ile: mara nyingi una alama kama hiyo kwa ndani, au kijitundu. Vitu vyote viwili vimeharibika pamoja. Ukibadili plagi peke yake, mpira utaichoma mpya kwa njia ile ile.

Na kwa kuwa zako zimeshapigwa msasa, hata tukikuta ni maji, mimi ningezibadilisha zote nne. Koili unaweza kubadili moja iliyokufa. Plagi badilisha zote, zizeeke pamoja.

Ninunue zipi, umeniuliza. Anza kwa kusoma maandishi, usianze na bei. Injini yako ya 1.3, ile ya 2NZ-FE, imetajiwa Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Thibitisha kwa kitabu cha gari au stika iliyo chini ya boneti ukiipata, kwa sababu plagi utakazozikuta ndani si lazima ziwe sahihi. Hujui nani aliziweka. Maandishi hayo yana maana. Chukua ile ya Denso: K inakupa umbo lake, soketi ya 16, uzi wa milimita 14 na urefu wa uzi wa milimita 19. Namba 16 ni kiwango chake cha joto. R ni kizuizi cha ndani kinachozuia umeme wa cheche usivuruge redio na kompyuta ya gari. U ni mfereji mdogo wenye umbo la herufi hiyo, uliochongwa kwenye kile kidole cha chuma cha pembeni. Na 11 ni pengo la milimita 1.1.

Hilo la kiwango cha joto lina makosa mengi mtaani. Kwa Denso na NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka. Denso 16 inalingana na NGK 5. Denso 20 na NGK 6. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kwenye joto la kama nyuzi 450 na kuendelea ili ichome masizi yake yenyewe. Ukifunga ya baridi mno kwa gari la kwenda kazini na kurudi, kilomita tano tano, itaziba kwa masizi. Ukifunga ya moto mno, ncha inageuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati. Kwa hiyo muuza duka akikwambia "hii ni namba moja juu, ndiyo kali zaidi", mrudishie.

Iridiamu haiongezi nguvu ambayo injini haikuwa nayo. Ni chuma kigumu kinachoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, wakati nikeli huyeyuka karibu na 1,455, kwa hiyo ncha inaweza kutengenezwa nyembamba mno na bado isiishe upesi. Ncha nyembamba inahitaji volti chache, koili inapumua, na silensa inaweza kutulia zaidi. Faida yenyewe ni kudumu: zile za maisha marefu hutajiwa kilomita 100,000, wakati za nikeli ni kama 20,000. Na si kila iridiamu ni ya maisha marefu. Zipo zenye ncha ya milimita 0.4 tu katikati huku kidole cha pembeni ni nikeli ya kawaida. Hizo hazifiki huko, na wengi huzinunua wakidhani wamemaliza. "Hazibadilishwi tena maisha" haipo.

Tatizo kubwa kwetu ni feki, na linaniumiza kwa sababu anayeumia ni mtu kama wewe aliyejinyima akanunua kitu cha gharama. Kuna mteja aliniletea boksi la plagi nne za "iridiamu" kutoka duka moja la vipuri. Baada ya wiki tatu gari lilikuwa linamisi vibaya kuliko mwanzo. Nilipima kwa mita kutoka juu hadi ncha: plagi halisi yenye kizuizi husoma omu elfu kadhaa, kwa kawaida karibu 5,000. Tatu kati ya zile zilisoma sifuri. Nilipasua moja, ndani nikakuta kipande cha waya tu. Ncha iliyoitwa iridiamu ilikuwa chuma kilichochongwa chembamba.

Kwa hiyo ukiwa dukani, fungua boksi zote nne uziweke pamoja. Mapengo yalingane kwa macho. Kidole cha pembeni kikae katikati ya ncha, kisiende upande. Maandishi kwenye kauri yasitoke ukiyasugua kwa kidole chenye petroli. Kama umeuziwa yenye herufi U, geuza utafute ule mfereji. Usipouona, umeuziwa kitu kingine. Duka lenye mita ya kupimia lisilokukatalia kupima ni dalili njema. Ushauri wangu, ukipata muuzaji unayemwamini na hela ipo, chukua iridiamu ya maisha marefu. Ukiwa na shaka hata kidogo, chukua nikeli halisi. Nikeli halisi ya kubadilisha kila kilomita 20,000 itakutunzia injini kuliko iridiamu ya kubahatisha. Iliyodondoka sakafuni usiifunge hata kama inaonekana nzima, maana kauri hupata ufa usioonekana. Na pengo la iridiamu usilirekebishe kwa kitu chochote. Linakuja limepimwa, na ile ncha inavunjika.

Kufunga ndiko kunakohitaji upole zaidi. Hofu yako ya kuharibu injini iko hapa, na ina msingi: plagi ikiingia upande, nyuzi za alumini zinakatika. Nilipokuwa mwanafunzi gereji niliwahi kuikosea moja hivyo, silinda ya tatu, kwa kutumia racheti kabla ya vidole. Ilibidi hedi ishushwe ichongwe na kuwekewa nyuzi za chuma, siku mbili mwenye gari hana gari. Tangu hapo natumia mpira. Chomeka juu ya plagi kile kipande cha mpira, ishushe shimoni, zungusha kwanza kinyume cha saa taratibu mpaka uisikie inaangukia mahali pake, "tik". Ndipo uzungushe kwa mwendo wa saa. Ikikaa sawa inashuka yenyewe, mizunguko mingi, laini. Ikiwa imepinda, mpira utateleza mkononi mwako kabla nyuzi hazijaumia. Hilo racheti haiwezi kukwambia.

Usipake grisi wala oili kwenye nyuzi. Plagi hizi zimeshapakwa kinga kiwandani. Ukizilainisha, nguvu ile ile ya mkono inakaza kupita kiasi na unaweza kuivuta mpaka ikatike.

Ikishakaa kwa mkono, chukua soketi na racheti. Fundi mwenye spana ya kipimo atakaza kwa kiwango cha kitabu. Watengenezaji wa plagi za milimita 14 kwa hedi za alumini huzungumzia kati ya 20 na 30 N·m. Wewe usiyekuwa nayo, fikiria uso wa saa ya ukutani. Plagi mpya yenye gasketi, ile pete ya chuma, ikishagusa chini, peleka mkono wa racheti kutoka namba 12 hadi namba 6, isizidi 8. Utaisikia pete inapondeka halafu inagoma. Simama hapo. Plagi iliyokwisha kutumika unayoirudisha, pete yake imeshapondeka, kwa hiyo ni kutoka 12 hadi 1 tu. Ukiona maelekezo tofauti kwenye boksi, fuata ya boksi. Iliyolegea sana nayo ni mbaya: inavuja mgandamizo, na haipozi, kwa sababu joto lake hupita kwenye nyuzi na ile pete kwenda kwenye hedi.

Rudisha koili zilizokauka, kila moja kwenye namba yake, sukuma mpaka uhisi mpira umeshika. Boliti namba 10 kaza kwa vidole viwili tu vya mkono wa spana. Zinaingia kwenye nyuzi ndogo. Soketi ya waya iingie mpaka ilie. Washa.

Likitulia, mshukuru Mungu na uniandikie. Likiendelea kutetemeka, zima, badilishana koili ya silinda inayoshukiwa, yaani ile ambayo plagi yake ilikuwa imelowa, na koili ya jirani yake. Endesha kidogo. Fundi akisoma kompyuta, kodi P0301 ni misi ya silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Shida ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, na hakuna haja ya kununua nne. Ikibaki pale pale, tafuta kwingine: nozeli, mgandamizo, waya. Na kama mtetemo uko tu ukiweka D umekanyaga breki, ukiweka N unaisha, na injini haimisi, hizo ni mauntini za injini (mipira inayoishikilia kwenye bodi) na hukupaswa kuanza na plagi.

Kuna mahali ambapo nataka uache spana na uende gereji. Plagi ikigoma kutoka. Kauri ikivunjikia shimoni. Plagi ikitoka na vumbi la alumini kwenye nyuzi. Ncha zenye oili, au nyeupe zilizoyeyuka. Maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia. Na taa ya injini kwenye dashibodi ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, egesha mahali salama, wala usisubiri Jumamosi. Kupepesa ni gari linasema petroli ghafi inayachoma masega wakati huo huo. Ukienda gereji, omba wapime mgandamizo wa silinda zote nne na wakuandikie namba. Na plagi zako za zamani nenda nazo, zikiwa na namba zake.

Siku nyingine ukiosha gari, injini waifute kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya presha juu ya koili usiruhusu, hata kijana akikuhakikishia amefunika na nailoni.

Jumamosi ukishazipanga kwenye karatasi, kabla ya kufunga chochote, zipige picha mbili: moja ncha zikiwa juu, moja kauri ya nje ikionekana yote. Nitumie, na uniandikie ulichokiona ndani ya kila shimo. Nitakujibu siku hiyo hiyo kama ununue plagi peke yake au na koili.